Picha ya rafiki mchongaji kwa mtindo wa Gris na Picasso: uso haufanani, rangi inanishinda

Brashi wa Kizota

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa picha ya rafiki yangu, mchongaji wa vinyago hapa hapa Dodoma. Ameketi kwenye kigoda, tezo mkononi. Nataka iwe kwa mtindo wa ile picha ambayo Juan Gris alimchora Pablo Picasso mwaka 1912, iliyoko jumba la sanaa la Art Institute of Chicago, Marekani. Mtu ameketi, koti lina vifungo, paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) mkononi, mwili na ukuta wa nyuma vyote vimekatwa kwa mistari ya mshazari, na rangi ni bluu ya baridi, kijivu na kahawia.

Ninapokwama ni hapa:

Uso. Nikishaukata vipande haufanani naye tena, unabaki kioo kilichovunjika.

Rangi. Natumia rangi ya mafuta ya kopo kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Inashika kabla sijafifisha kipande kutoka giza kwenda mwanga.

Kitambaa. Nimewamba marekani, nikapaka gundi ya mbao iliyochanganywa na chokaa. Bluu ya Prusia ya tyubu niliyoijaribu kwenye kona imeanza kugeuka kahawia chafu. Kuna mtu kanishauri niachane na marekani nitumie gunia. Ukubwa ni sm 90 kwa 75.

Naomba maelezo ya vitendo. Nadharia ya kyubizimu, yaani mtindo huu wa kukata umbo vipande, nimeshaisoma ya kutosha.

---

Mshazari

Mkuu, nianze na uso, maana huko ndiko kwenye kazi.

Gris hakuvunja kitu. Kabla ya kwenda Paris mwaka 1906 alisoma uchoraji wa kiufundi Madrid, 1902 hadi 1904, na Paris akaishi kwa kuchora vibonzo vya magazeti. Hiyo picha ni ya mtu wa rula ambaye pia anajua kumtambulisha mtu kwa mistari michache. Watu wengi huiga rula, wakasahau kibonzo. Ndiyo maana wewe vipande unavyo ila mtu humwoni.

Anza na karatasi ya sm 30 kwa 25, yaani theluthi ya turubai yako. Mchore rafiki yako kwa penseli, mchoro wa kawaida kabisa bila kipande hata kimoja. Hakikisha anafanana. Asipofanana hapa hatafanana tena kokote. Ukiridhika, weka juu yake karatasi ya tresingi, ile inayoonyesha kilicho chini, na mistari yote ya kukata uichore huko juu. Ukikosea unatupa tresingi tu, mchoro unabaki.

Mistari iwe ya koo mbili: ukoo mmoja unaegemea kulia, nyuzi 60 hivi kutoka kwenye ukingo wa chini, mwingine unaegemea kushoto kwa kiasi hicho hicho. Tao ziwe chache sana, za bega, fuvu na ukingo wa kigoda. Sasa sheria yenyewe: kila mstari upite kwenye alama mbili za mwili, au zaidi. Kwa mfano, kutoka pembe ya ndani ya jicho, kupitia pembeni mwa pua, hadi pembe ya mdomo. Au kutoka ndewe ya sikio hadi kidevu, ukaendelea hadi mfupa wa mtulinga. Au bega hadi kiwiko. Mstari usioshika alama yoyote ufute. Hiyo ndiyo inayokuletea vigae.

Halafu mstari usiishie kwenye ngozi. Ukitoka kichwani uendelee ukutani, uwe ukingo wa kipande cha nyuma. Hapo mtu na chumba vinashonana, na mwili hauonekani umebandikwa juu ya ukuta.

Idadi: picha nzima vipande 40 hadi 50, uso 10 hadi 14. Vikubwa viende pembezoni, vidogo viwe usoni na kwenye mikono. Vikiwa na ukubwa mmoja kila mahali, jicho la mtazamaji halijui litue wapi.

Mwanga ni mmoja tu. Tuseme unatoka kushoto. Kila kipande kina ukingo wa giza na kinafifia polepole hadi mwanga upande wa pili. Pale kipande cha kwanza kinapoishia kwenye mwanga, jirani yake aanze na giza, ili giza na mwanga vikutane kwenye mstari. Hapo huhitaji kuchora mstari mweusi wa kutenganisha, toni zenyewe, yaani viwango vya giza na mwanga, zinautengeneza. Sehemu mbili tatu unaweza kuacha giza likutane na giza ili mpaka upotee kwa makusudi. Picasso na Braque, mwenzake katika kuanzisha kyubizimu, walifanya hivyo sana. Gris alifanya kwa uchache, ndiyo maana picha yake inasomeka haraka kuliko za kwao za miaka hiyo.

Kuhamisha: karatasi igawe miraba ya sm 5, turubai miraba ya sm 15. Zote zitatoka 6 kwa 5. Ukitumia mkaa, pangusa vumbi lake kwa kitambaa kikavu, kisha rudia mistari kwa amba (rangi ya kahawia ya udongo) iliyoyeyushwa na tapentaini. Mkaa ukiachwa unachafua bluu, inakuwa rangi ya maji ya mvua.

---

Fundi Fremu

Naongelea kitambaa na rangi, uso kamaliza Mshazari.

Kilichoharibu bluu yako ni chokaa. Chokaa ya ujenzi ni alkali kali, na bluu ya Prusia haivumilii alkali hata kidogo: inavunjika na kuacha kahawia ya kutu. Isitoshe chokaa hiyo hiyo inageuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni, baada ya muda rangi inalegea na kuachia. Kitambaa hicho usikiokoe. Marekani ni bei rahisi, anza upya.

Fua marekani kwa maji ya moto wanga wote utoke, kianike, kipige pasi. Kisipofuliwa kitajikunja ukikipaka gundi na kuvuta fremu ipinde.

Fremu: mbao za inchi 2 kwa 1, kona zikatwe nyuzi 45, na uweke msalaba katikati kwa sababu urefu wa sm 90 unajipinda. Ukingo wa mbele wa ndani uupige randa uwe na mteremko, kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Fremu bapa huacha alama ya mstari kuzunguka picha nzima, na kwenye picha ya mistari kama hii hiyo alama itaingia kwenye hesabu bila kualikwa. Mbao nyingi za paini zinazouzwa huku zinatoka upande wa Mafinga zikiwa bado na unyevu, na hewa ya Dodoma inazikausha hadi zinajinyonga. Zilaze ndani, kivulini, zikiwa na vipande vidogo katikati vya kupitisha hewa, wiki kadhaa kabla ya kukata. Kuwamba anzia katikati ya kila upande kwenda kona, pini za stepla kila sm 4 au 5.

Kupaka:

Mkono wa kwanza gundi nyeupe ya mbao kipimo 1 kwa maji 2. Acha ikauke kabisa.

Kisha mchanganyiko wenyewe: gundi 1, maji 1, unga wa chaki 2. Chuja kwa kitambaa chepesi. Paka mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikatiza uliotangulia, na msasa namba 220 katikati. Ukizidisha chaki ikafika vipimo 3 au 4 itakuwa ngumu na kavu, ukibonyeza turubai kwa kidole inapasuka kama utando wa buibui. Ukipunguza sana, inakuwa plastiki inayoteleza na rangi haishiki.

Usidanganyike na jipsamu ya dari, hata kama jiwe lake limechimbwa hapo jirani Itigi. Ile imeshachomwa, ikikutana na maji inaganda ndoo nzima ukiwa bado unakoroga.

Sasa rangi. Unayotumia ni ya kupakia mageti. Wachoraji wa Tingatinga wanaimudu vizuri sana kwa sababu wanataka rangi bapa, inayong'aa, yenye mpaka mkali. Wewe unataka kinyume chake: rangi inayobaki mbichi saa kadhaa ili uifanyie mpito, yaani uififishe kutoka giza hadi mwanga. Akriliki nayo hewa yetu inaikausha kwenye brashi kabla hujafika turubai. Nunua rangi ya mafuta ya wasanii, ya tyubu. Kwa ukubwa wako nyeupe ya titani ml 200, halafu tyubu moja moja ya ml 37 au 40 za bluu ya ultramarini, bluu ya Prusia, amba mbichi, amba ya kuchoma na oka ya njano. Nyeupe inaisha kuliko zote, kijivu chote kinapita humo.

Nyeusi usinunue. Ile inayotengenezwa kwa mifupa iliyochomwa inakauka polepole, ukiipaka chini na juu yake ukaweka amba inayokauka haraka, ya juu itapasuka. Kijivu chako kitoke kwenye ultramarini na amba ya kuchoma: ukiongeza bluu kinakuwa cha baridi, ukiongeza amba kinakuwa cha joto. Hiyo ndiyo picha nzima ya Gris, baridi na joto zinakabana kwenye vipande vilivyokaribiana toni. Prusia itie kidogo mno, kiasi cha punje ya choroko kwenye kijiko cha nyeupe. Inakula rangi zote.

Kiyeyushi: tabaka la kwanza tapentaini peke yake. La pili mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) 1 kwa tapentaini 2. La mwisho nusu kwa nusu. Tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ukigeuza utaratibu huo juu kutakauka kabla ya chini na nyufa zitafuata. Tapentaini ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mimina vijiko viwili tu kwa wakati, kwa ukavu huu inapaa ukiiangalia.

---

Mama Paleti

Mdogo wangu, nakubaliana na waliotangulia ila Mshazari kwenye vipande 14 vya uso kakupa kamba ndefu. Anza na 8. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ukishapaka ni kukwangua.

Angalia pia picha ya pili iliyoko jumba hilo hilo la Chicago: Picasso alivyomchora Daniel-Henry Kahnweiler, aliyekuwa akiuza picha zao, mwaka 1910. Humo mwili karibu wote umeyeyuka ukutani. Unamtambuaje? Wimbi la nywele, mikono iliyokutana, mnyororo wa saa. Vitu vitatu vinabeba mtu mzima. Kaa na rafiki yako uandike vyake vitatu kabla hujashika rula. Ninasema rafiki kwa sababu mteja wa kawaida hungemjua kiasi hicho: anavyoinamisha kichwa akikagua kazi, bega gani liko chini kwa sababu ya kupiga tezo, ndevu zinaanzia wapi. Hivyo vitatu visikatwe na mstari wowote katikati. Mstari upite kando yake.

Tezo isiwe pambo la pembeni. Paleti kwenye picha ya Gris ipo mkononi mwa Picasso, na chini kulia kaandika "Hommage à Pablo Picasso", heshima kwa mchoraji mwenzake aliyemzidi miaka sita. Ukitaka anayetazama ajue huyu ni mchongaji, ubapa wa tezo uwe moja ya sehemu zenye mwanga mkali kabisa kwenye picha, na mshazari mmoja mkubwa uanzie kwenye mpini wake hadi begani.

Picha za simu: piga tatu, mbele, robo tatu na ubavu, simu ikae mbali mita mbili au tatu kisha uikuze. Ukisogea karibu pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, na hesabu yako yote ya mistari inaanzia kwenye uongo. Akae karibu na dirisha moja, mengine fungeni. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri liko kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini ndilo lenye mwanga usiohamahama. Baada ya hapo geuza.

---

Mnzuguni

Kwani lazima vipande? Mchoraji Modigliani naye aliwachora wasanii wenzake kibao, Soutine, Lipchitz na mkewe mwaka 1916, shingo ndefu, macho bila mboni, mtu anafanana vizuri tu. Na kwa Lipchitz alitoza faranga 10 kwa mkao na kileo kidogo juu. Fanya hiyo mkuu, utamaliza mapema.

---

Mshazari

Mnzuguni, usimpotoshe. Modigliani anaonekana rahisi hadi ujaribu. Mstari wake mmoja wa shavu ukikosea milimita mbili umepata kinyago, na huna kipande cha jirani cha kufichia.

---

Brashi wa Kizota

Asanteni sana wakuu. Mama Paleti, shikamoo, hilo la vitu vitatu nimelichukua.

Maswali mawili yamebaki. Rafiki yangu ni mweusi hasa. Nikijaza uso bluu na kijivu cha Gris anakuwa kama kapakwa majivu. Nifanyeje? Na lile la gunia hamjanijibu. Vumbi nalo, upepo wa miezi hii mnaujua.

---

Mshazari

La ngozi ni zuri na vitabu vingi havilisemi, kwa sababu wanaochorwa humo karibu wote ni Wazungu.

Majivu yanatokana na nyeupe. Unachukua ngazi ya toni za Gris kama ilivyo, unaiweka kwenye uso ambao ngazi yake iko chini zaidi. Andaa toni tano kabla ya kuanza, kila moja kwenye kikopo chake: 1 ni giza kabisa, 5 ni karibu nyeupe. Uso wa rafiki yako ukae kati ya 1 na 3, na 4 itumike kwenye sehemu tatu au nne ndogo tu: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa chini. Toni 5 iache kwa ubapa wa tezo na labda ukosi wa shati. Ukuta uwe 3 hadi 4, ili kichwa kitokeze kama umbo la giza kwenye mwanga.

Kisha rangi. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao unaonekana zaidi kuliko kwenye ngozi nyeupe, na mng'ao huo unachukua rangi ya kinachouangalia. Karibu na dirisha lenye anga, mng'ao ni bluu kabisa, hulazimiki kuubuni. Kwa hiyo bluu ya Gris hapa ina sababu kuliko hata kwa Picasso. Weka giza la vipande kwa amba ya kuchoma na ultramarini bila nyeupe yoyote, lipande hadi kahawia yenye oka kidogo, na ukingo wa mwanga tu ndio uingie bluu yenye nyeupe. Ukitia nyeupe kwenye giza, hata chembe, majivu yamerudi.

Mpito upige kwa brashi bapa ya upana wa sm 2 kwenda na ukingo wa kipande. Ukienda kinyume, ukivuta giza kuelekea mwanga, unachafua vyote. Weka mikanda mitatu ya toni sambamba, halafu pitisha brashi safi kavu kwenye maungio, mara mbili basi. Futa brashi kwenye kitambaa kila unaporudi.

---

Fundi Fremu

Gunia: si ushauri wa kijinga, ila si kwa kazi hii. Mchoraji Gauguin alipomchora mwenzake Van Gogh akichora maua ya alizeti, Desemba 1888 huko Arles, Ufaransa, alitumia kitambaa cha juti, walinunua robota la mita 20 hivi wakagawana. Ufumaji wake ni mpana, rangi inazama, uso unakuwa mkavu na wa vinyweleo, na Gauguin aliutaka huo ukavu. Ukingo mkali wa rula juu ya gunia unakatika kila uzi unapopanda na kushuka. Mpito nao hautateleza. Kama siku moja utalitaka kwa picha nyingine, liwe gunia la katani au juti, lililofuliwa, na gundi mikono miwili badala ya mmoja. Viroba vya plastiki usiguse, gundi haishiki.

Vumbi: usifungue madirisha ya upande wa upepo. Nyunyizia sakafu maji nusu saa kabla ya kuanza, usifagie siku hiyo. Ukimaliza, geuza turubai uso ukutani ikiwa imeinama, sehemu ya juu ikiegemea ukuta na nafasi ya kiganja ibaki chini, hapo vumbi linatua mgongoni. Usiifunike kwa kanga moja kwa moja, nyuzi zitanasa. Punje zikishatua kwenye rangi mbichi usizitoe kwa kidole. Subiri ishike kabisa, zikwangue kwa wembe uliolazwa.

Ukavu wetu usikudanganye kwamba picha imekauka. Tapentaini inapaa haraka, lakini mafuta hayakauki kwa kupaa, yanakauka kwa kula hewa, na hilo lina muda wake. Sehemu za amba zitashika ndani ya siku chache, za ultramarini na titani zitachelewa. Kabla ya tabaka la pili, jaribu kwa kidole kwenye kipande cha bluu, usijaribu kwenye kahawia. Vanishi ya mwisho baada ya miezi sita, kama utaionyesha mapema kuliko hapo itundike bila vanishi.

---

Mama Paleti

Marahaba. Na hizo toni tano za Mshazari, changanya kwa wingi mara moja na uzifunge kwa nailoni, vikopo vikae mahali pa baridi. Ukichanganya upya katikati ya kipande hutaipata ile ile, na mshono utaonekana hata ukirudi hatua kumi nyuma.